Antonio wa Warrosquoake: Kuufuata ukoo wa Anthony Johnson katika nyaraka za Virginia na Maryland

Hotuba kwa wanafunzi wa historia na utunzaji wa nyaraka

Mwenyekiti, walimu wangu mliotangulia katika kazi hii, na ninyi wanafunzi mliojaza ukumbi huu, habari za mchana. Ahsanteni kwa kunipokea.

Nimeombwa nieleze jinsi mtafiti anavyoweza kumtafuta mtu aliyeishi Marekani ya kikoloni, pamoja na jamaa zake, kwa kutumia nyaraka za kale. Somo hili lina vitabu vingi vya mbinu, nami sitaki kuwarudishia mbinu hewani. Nitachukua familia moja tu, mume, mke, watoto na wajukuu, na tutaifuata karatasi kwa karatasi kuanzia mwaka 1621 hadi 1677. Ni familia ya Anthony Johnson, Mwafrika aliyefikishwa Virginia bila jina la ukoo na bila uhuru, akaja kumiliki ardhi yake mwenyewe. Nimemchagua kwa sababu watu wengi wanaoanza kazi hii hukata tamaa mapema. Wanasema babu yao hakuwa mtu mkubwa, kwa hiyo hakuandikwa. Anthony hakuwa mtu mkubwa, na ameandikwa tele.

Lakini hakuna karatasi hata moja kati ya hizo iliyoandikwa kwa faida ya vizazi vyake. Kila moja iliandikwa kwa kuwa kuna mtu alitaka kuhesabu, kutoza, kudai au kumiliki. Hilo ndilo neno langu kuu leo. Mbele ya karatasi yoyote, kabla hujatafuta jina, jiulize nani aliiandika na alikuwa anafuata nini. Ukishajua hivyo, utajua mtu wako amejificha kwenye daftari gani.

Tuanze na daftari la kwanza. Mwaka 1624 Kampuni ya Virginia ilivunjwa na koloni likawa chini ya Mfalme wa Uingereza. Mfalme alitaka kujua amerithi nini: watu wangapi, bunduki ngapi, nafaka kiasi gani. Basi mwanzoni mwa mwaka 1625 makarani wakazunguka nyumba kwa nyumba kuandika sensa. Walipofika Warrosquoake, kusini mwa mto James, kwenye shamba la mfanyabiashara Edward Bennett, waliandika orodha ya watumishi. Ndani ya orodha hiyo mna mstari unaosema Antonio, mtu mweusi, alikuja kwa meli James, 1621. Mstari mwingine unasema Mary, mwanamke mweusi, alikuja kwa meli Margaret and John, 1622.

Basi, ni hayo tu. Hakuna umri, hakuna nchi ya kuzaliwa, hakuna neno la kusema kama hawa wawili walijuana. Naomba mtulie hapa kidogo, kwa sababu mistari hii miwili imebeba mengi kuliko inavyoonekana. Mwaka wa meli unatuambia Antonio alikuwepo tarehe 22 Machi 1622, siku wenyeji wa asili chini ya Opechancanough walipoyashambulia makazi ya walowezi. Waliouawa siku ile walioorodheshwa ni 347, na zaidi ya 50 kati yao walikuwa kwenye shamba hilo hilo la Bennett. Antonio ni mmoja wa wachache waliobaki hai. Hakuna karani aliyemwandikia kisa hicho. Tunakipata kwa kuweka karatasi mbili ubavuni, orodha ya waliokufa na orodha ya waliohesabiwa baadaye, na kuona nani yumo katika ipi.

Hapo hapo pana mtego wa kwanza. Sensa hiyo ina Waafrika wasiozidi 25 katika koloni zima, na bado mna Anthony mwingine! Huyu aliishi kwa Kapteni William Tucker kule Elizabeth City, pamoja na Isabell na mtoto wao William aliyebatizwa. Mtu mwenye haraka angeokota Anthony wa kwanza anayekutana naye na kujenga ukoo mzima juu yake. Kinachowatenganisha ni wanawake. Anthony wetu, katika nyaraka zote zinazofuata kwa karibu miaka hamsini, mkewe anaitwa Mary. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu kila mwaka: usimfuate mwanamume peke yake, mfuate na mkewe. Majina ya wanaume yanajirudia. Jina la mume na jina la mke kwa pamoja halijirudii kirahisi.

Kabla hatujasonga mbele, neno fupi kuhusu tarehe, maana hapa ndipo koo nyingi zinapovurugika. Kwa Waingereza wa zama hizo, na makoloni yao, mwaka mpya wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi. Utaratibu huo uliendelea hadi 1752. Kwa hiyo sensa ya Januari na Februari iliandikwa 1624, ingawa kwa hesabu yetu ni 1625. Watafiti huandika 1624/25 ili kuondoa utata. Usipolijua hili, utakuta mtoto amezaliwa kabla ya ndoa ya wazazi wake, au wosia umethibitishwa kabla mwenye wosia hajafa, na utaanza kutunga hadithi za kufunika kosa ambalo halipo.

Baada ya 1625 familia hii inatuponyoka. Kwa takriban miaka ishirini hakuna karatasi ya wazi. Wanapoibuka tena wako ng'ambo ya ghuba ya Chesapeake, kwenye rasi ya mashariki, katika kaunti ya Northampton. Hapa tuna bahati kubwa, na ni vyema kuitaja. Kaunti nyingi za Virginia zimepoteza madaftari yao kwa moto na vita. Baadhi zilipeleka nyaraka Richmond kuzinusuru wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, na mji ulipowaka Aprili 1865 nyaraka zikateketea huko huko zilikokimbiziwa. Madaftari ya mahakama ya Northampton yamesalimika tangu 1632, na yako hadi leo katika mji mdogo wa Eastville. Ila kaunti yenyewe ilibadilishwa jina. Iliitwa Accomack, ikawa Northampton mwaka 1643, na miaka ishirini baadaye sehemu ya kaskazini ikakatwa ikarudishiwa jina la Accomack. Atafutaye kwa jina la leo pekee atakosa nusu ya karatasi.

Humo madaftarini mna mtu anayeitwa Anthony Johnson, mwenye mke Mary, mwenye ng'ombe, na kuanzia Julai 1651 mwenye hati ya ekari 250. Swali linakuja lenyewe: nani amesema huyu ndiye Antonio wa Warrosquoake? Kati ya kijana asiye na jina la ukoo wa 1625 na mkulima mwenye ardhi wa 1651 pana pengo kubwa. Jina peke yake halitoshi kulivuka, hasa mnapokumbuka kwamba Northampton hiyo hiyo alikuwepo Mwafrika mwingine huru, Anthony Longo.

Jibu liko kwenye karatasi ya kodi, na ndiyo karatasi ninayoipenda kuliko zote katika kisa hiki.

Mwaka 1643 Baraza la Virginia lilipitisha kwamba wanawake Waafrika nao walipiwe kodi ya kichwa, sawa na wanaume. Mwanamke Mwingereza wa nyumbani hakulipiwa. Kwa hiyo Anthony, hata akiwa huru na mwenye shamba lake, alilipa kodi kwa ajili ya mkewe na binti zake, ilhali jirani yake Mwingereza hakulipa kitu kwa wake. Mwanzoni mwa 1653 moto ukaunguza mali ya familia. Wakaenda mahakamani kuomba nafuu. Mahakama ikakubali kwamba Mary na mabinti wawili wasitozwe kodi tena maisha yao yote, na karani akaandika sababu: wamepata hasara kubwa kwa moto, wanajulikana kwa kazi yao ngumu, na wamekuwa wakazi wa Virginia kwa zaidi ya miaka thelathini.

Zaidi ya miaka thelathini! Toeni thelathini kwenye 1653. Mnaangukia 1623 au kabla yake. Sasa rudini kwenye sensa, kwenye ile orodha fupi ya Waafrika wasiozidi 25, mtafute mwanamume anayeitwa Antonio au Anthony na mwanamke anayeitwa Mary, wote wawili wamefika kabla ya 1623, wote wawili mahali pamoja. Mnawapata Warrosquoake, 1621 na 1622. Karani wa Northampton hakuwa na habari ya kuunganisha ukoo. Alikuwa anahalalisha msamaha wa kodi. Lakini maneno yake machache ndiyo daraja letu, na kila mwanahistoria anayesema mkulima wa Northampton ndiye Antonio wa meli James anapita juu ya daraja hilo.

Tazameni pia kisichoandikwa. Mabinti wawili wametajwa kwa idadi, hawakutajwa kwa majina. Kodi ilihitaji vichwa, haikuhitaji majina. Tutamkuta mmoja wao baadaye kidogo.

Ile hati ya ekari 250 nayo inataka kusomwa kwa tahadhari. Virginia ilikuwa ikitoa ekari 50 kwa kila mtu ambaye mwombaji alidai kugharimia safari yake hadi koloni. Anthony aliwasilisha majina matano, akapata ekari 250. Mwaka uliofuata mwanawe John akapata 550 kwa majina kumi na moja, na mwaka 1654 mwana mwingine, Richard, akapata ekari 100. Wengi wakiona majina hayo hudhani wamepata orodha ya watumishi wa shamba. Hati za madai haya zilikuwa zikiuzwa na kununuliwa kama bidhaa nyingine, na jina lingeweza kukaa miaka kabla ya kutumika. Kwa hiyo hati ya ardhi ni ushahidi mzuri wa nani alipata shamba, wapi na lini. Kuhusu wale waliotajwa ndani yake, ni fununu tu.

Sasa nafika mahali ambapo wengine hutaka kuruka, nami sitaruka. Anthony Johnson alimshikilia mtu utumwani. Mtu huyo aliitwa John Casor. Mwaka 1654 Casor alimwambia Kapteni Samuel Goldsmith kwamba yeye alikuja kwa mkataba wa miaka saba au minane, na kwamba Johnson amemweka miaka saba zaidi. Johnson akasema hakuna mkataba wowote, huyu ni wangu maisha yote. Majirani wawili, ndugu Robert na George Parker, wakamuunga mkono Casor. Johnson akamwachia. Kisha akajutia, akamshtaki Robert Parker, na tarehe 8 Machi 1655, iliyoandikwa 1654 kwa hesabu ya wakati ule, mahakama ikaamuru Casor arudi kwa bwana wake na Parker alipe gharama.

Mzao wa Anthony atafanya nini na karatasi hii? Kwanza aisome yote. Mtu aliyeonja utumwa akaenda mahakamani kumrudisha mwenzake utumwani, na John Casor anastahili jina lake litajwe kwa ukamilifu kila kisa hiki kinaposimuliwa. Mtafiti wa nasaba anayechagua karatasi za sifa na kuficha za aibu ameacha utafiti, ameshika kazi ya kutunga mashairi ya kusifu. Mimi naliona hili kuwa jambo la heshima kwa wafu wote wawili.

Pili, aisome kwa jicho la nasaba, kwa sababu ushahidi wa kesi hii una hazina. Shahidi anaeleza kwamba waliomshawishi mzee Anthony amwachie Casor walikuwa mkewe, wana wake wawili na mkwewe. Sentensi moja tu! Wana wawili, maana yake John na Richard wote walikuwa watu wazima. Mkwe, maana yake kufikia mwaka 1654 binti mmoja alikwisha kuolewa. Na neno “mzee” linatudokezea umri wa mtu ambaye hakuna aliyewahi kuuandika. Kesi ilihusu umiliki wa mtu, na mahakama haikujali hata kidogo Anthony ana watoto wangapi. Watoto wamo kwa sababu walikuwa sehemu ya ugomvi. Ndiyo maana kwenye daftari la mahakama usiishie kwenye hukumu. Hukumu ni mistari minne. Ukoo umo kwenye ushahidi.

Yule binti niliyewaahidi anatokea mwaka 1657, tena kwa jina. Mtawala mmoja wa wenyeji wa asili wa rasi ile alimpa ekari 100 Jone, binti ya Anthony Johnson. Kodi ilikuwa imemficha ndani ya hesabu ya “mabinti wawili”, ardhi ikamtoa nje, kwa kuwa hati ya ardhi haiwezi kukaa bila jina la mpokeaji.

Katikati ya miaka ya 1660 familia inavuka mpaka kuingia Maryland, kaunti ya Somerset. Mtafiti asiyevuka mpaka pamoja nao atadhani wamekufa. Wanaoonyesha njia ni wale waliohama nao: Randall Revell na Ann Toft, wakulima wakubwa wa Virginia, waliodai ardhi ya Maryland na kuwataja akina Johnson miongoni mwa watu waliowahamisha. Ukisoma karatasi hiyo pekee, Anthony anaonekana kama mtumishi aliyesafirishwa na tajiri. Ukisoma na nyingine, unaona mkulima huru aliyeuza ekari zake 200, akampa mwanawe Richard 50 zilizobaki, akasafiri na mifugo yake, kisha akakodi ekari 300 huko Somerset. Shamba hilo likaitwa Tonies Vineyard. Ndugu zangu, majirani ni nusu ya ukoo. Mkimpoteza mtu, tafuteni aliyepakana naye shamba, aliyemshuhudia mahakamani, aliyehama mwaka mmoja naye.

Anthony alifariki mwaka 1670. Karatasi iliyofuata kifo chake haikuandikwa alikokufa. Iliandikwa Virginia alikotoka, na sioni namna ya kuizungumzia kwa sauti ya kawaida. Mwezi Agosti mwaka huo baraza la wazee wa mahakama lilikaa kuamua hatima ya zile ekari 50 alizompa Richard, ambaye aliendelea kuishi na kulima pale. Wakaamua kwamba Anthony Johnson alikuwa mtu mweusi, kwa hiyo mgeni, na ardhi ikarudi kwa Mfalme. Shamba likaishia mikononi mwa George Parker. Ndiyo, George Parker yule yule wa kesi ya Casor.

Huyu ni mtu ambaye mahakama hiyo hiyo ilikuwa imemwita mkazi wa miaka zaidi ya thelathini. Ilimtoza kodi, ilisikiliza mashtaka yake, ilimpa ushindi dhidi ya mlowezi Mwingereza. Alipokuwa kaburini, hawezi kujibu, ikamwita mgeni. Kilichobadilika katikati ni sheria na nia za waliozitunga. Mwaka 1662 Virginia ilikuwa imeamua kwamba hali ya mtoto, awe huru au mtumwa, ifuate ya mama yake. Mwaka 1670 ikakataza Waafrika huru kununua watumishi Wakristo. Kwa mtafiti hili lina matokeo ya moja kwa moja: kuanzia 1662, kwa familia yoyote yenye asili ya Afrika huko Virginia, mtafuteni mama kwanza. Yeye ndiye sheria ilimwangalia, kwa hiyo yeye ndiye makarani walilazimika kumtaja.

Na Mary ndiye anayeibeba familia katika nyaraka za mwisho. Akiwa mjane alijadiliana upya mkataba wa Tonies Vineyard, ukawa wa miaka 99. Mwaka 1672 aliwapa wajukuu wake, Anthony, Francis na Richard, ng'ombe. Nyaraka hizi zinazungumzia kodi ya shamba na mifugo. Lakini hapo ndipo tunapopata kizazi cha tatu kwa majina, kutoka kwa bibi yao mwenyewe, mwanamke aliyeingia katika historia kama mstari mmoja chini ya jina la meli.

Mwaka 1677 mjukuu mwingine, John Johnson mdogo, alinunua ekari 44 huko Somerset na kuliita shamba lake Angola. Watu wamelishika sana jina hilo, nami nawaelewa. Hakuna karatasi inayosema Anthony au Mary alizaliwa wapi. Tunajua kwamba Waafrika walioshushwa Point Comfort, Virginia, mwaka 1619 waliporwa kutoka meli ya Kireno iliyotoka Luanda, Angola, na jina Antonio lina sura ya Kireno. Jina la shamba linaelekeza upande huo huo. Kwa viwango vya nasaba hilo ni dokezo lenye nguvu, na inafaa liandikwe hivyo katika chati zenu, kwa penseli. Mjukuu huyo alizaliwa ng'ambo hii ya bahari. Ikiwa jina lilitoka mdomoni mwa babu yake au bibi yake, basi ndilo neno pekee kuhusu nyumbani lililofika hadi kwenye daftari.

Baada ya hapo njia inakuwa nyembamba, na mwanzoni mwa karne ya 18 familia haionekani tena kwa uhakika. Wako watu wanaojitangaza kuwa wazao wa Anthony kwa sababu tu wanaitwa Johnson na asili yao ni rasi ile. Johnson ni miongoni mwa majina ya kawaida kabisa Marekani. Vipimo vya vinasaba navyo, kwa umbali wa vizazi zaidi ya kumi, mara nyingi haviwezi kubeba dai zito namna hiyo peke yake. Anayetaka kuunganisha aanze na nafsi yake, apande kizazi kimoja kimoja kwa karatasi, akutane na Anthony, Francis au Richard wa 1672 akitokea chini. Kushuka kutoka kwa mtu maarufu ni rahisi mno, na ndiyo sababu siiamini njia hiyo.

Mezani pale nimeweka nakala za kurasa mbili: ukurasa wa Warrosquoake wa sensa ya 1624/25 na uamuzi wa kodi wa 1653. Mwandiko utawasumbua mwanzoni. Herufi s ndefu inafanana na f, na F kubwa imeandikwa ff. Karani huyo huyo anaweza kuandika jina moja kwa tahajia mbili kwenye ukurasa mmoja: Casor ni Casar, ni Cazara. Someni kwa sauti, wawili wawili, na kabla hamjatafuta jina lolote, andikeni pembeni karani alikuwa anatafuta nini. Karibuni mezani, na maswali nitayapokea mkiwa mnasoma.